Kikundi na Gitaa la Umeme: Kununua, Kulitunza na Kulipiga

Katika vikundi vingi vya kujisaidia kuna jambo moja ambalo huzua ubishi. Vijana wanasimama mkutanoni na kusema wanataka gitaa la umeme. Wazee wanatazamana. Mwekahazina anauliza, mbona tusinunue mbuzi, au viti vya kukodisha wakati wa harusi na matanga? Swali lake ni zuri, na somo hili halitasema amekosea. Viti havihitaji mwalimu. Lakini gitaa nalo ni chombo cha kazi kama cherehani, na kama cherehani linaweza kumlisha mtu, au likakaa juu ya kabati miaka mitatu likishika vumbi.

Mara nyingi kinachoharibu mambo ni gharama zinazokuja baada ya gitaa kununuliwa, ambazo hakuna aliyeziandika kitabuni. Kikundi kinamaliza pesa yote dukani, gitaa linafika nyumbani, halina cha kulitoa sauti, uzi mmoja unakatika, na mkutano unaofuata ni wa kulaumiana.

Tutachukua mfano wa Kariobangi, mtaa wa mashariki ya Nairobi ulio kando ya barabara ya Outer Ring. Hata ninyi mlio mashambani mtakuta unawahusu, kwa maana mkitaka gitaa la bei nafuu huenda mkatuma mtu Nairobi, na heri aende akijua anachotafuta. Kariobangi kuna sehemu iitwayo Light Industries, ambako mafundi wa jua kali wanachomelea vyuma, wananyoosha mabodi ya magari na kuyeyusha vyuma chakavu wakavisubu upya. Na ng'ambo kidogo ni Korogocho, ambako tangu mwaka 2008 watoto na vijana wamekuwa wakifundishwa ala za okestra katika mradi wa Ghetto Classics, kwenye uwanja wa kanisa Katoliki la Mtakatifu Yohana. Kwa hiyo mtu asiseme muziki wa vyombo ni wa wenye nacho peke yao.

Ni chombo gani hasa?

Watu wengine huliogopa gitaa la umeme wakidhani ndani yake mna mashine kubwa. Hebu tulifungue.

Chini ya nyuzi kuna kipande ambacho wapigaji hukiita pikapu (si gari la kubeba mizigo, jina tu limefanana). Ndani ya pikapu mna sumaku, na kuizunguka sumaku kuna waya wa shaba mwembamba kama unywele, uliozungushwa maelfu ya mara. Nyuzi za gitaa ni za chuma. Uzi ukitikisika karibu na sumaku, umeme mdogo sana unazaliwa katika ule waya wa shaba. Umeme huo unapita kwenye vifundo vya sauti, unatoka kwa waya hadi kwenye amplifaya, na amplifaya inaukuza mpaka spika iweze kulia. Ni hayo tu. Ndiyo sababu nyuzi za nailoni hazifanyi kazi kwenye gitaa hili: sumaku haizijui.

Wale mafundi wa kusubu wa Light Industries watafurahi kusikia kwamba gitaa la umeme la kwanza kuuzwa madukani, huko California mwaka 1932, lilikuwa la alumini iliyosubuliwa. Lilitengenezwa na watu waliokuja kujulikana kwa jina la Rickenbacker, lilipigwa likiwa limelazwa mapajani, na kwa umbo lake watu waliliita kikaango. Kisha mwaka 1950 Leo Fender, fundi wa redio katika mji wa Fullerton, alianza kuuza gitaa la ubao mzima lisilo na tumbo wazi, shingo yake imefungwa kwa skrubu. Bwana Fender mwenyewe hakujua kupiga gitaa. Alilifikiria kama fundi: kila kitu kifunguke, kila kitu kibadilishwe.

Magitaa mengi ya bei nafuu ya siku hizi, yanayotoka China na Indonesia, yanafuata mpango huo huo. Faida yake kwenu ni kubwa. Kifundo kikianza kukwaruza, au soketi ya waya ikilegea, hamhitaji mtaalamu wa muziki. Fundi wa redio pale sokoni, mwenye pasi ya kulehemu na risasi yake, anaweza kulitengeneza kwa nusu saa.

Kabla ya kutoa pesa

Nairobi magitaa mapya huuzwa katika maduka ya muziki ya mjini, na ya mitumba hupatikana kwa watu mitaani. Gitaa la mtumba lililotunzwa vizuri mara nyingi hushinda jipya la bei ya chini kabisa, kwa sababu mbao zake zimekwisha tulia na kasoro zake zimekwisha jitokeza. Lakini lazima mwende na mtu anayejua kupiga, hata kama ni kidogo. Msiende na mtu anayejua bei peke yake.

Kwanza angalieni shingo. Shika uzi mnene, ubonyeze kwenye freti ya kwanza (freti ni vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo), na kwa mkono mwingine uubonyeze kwenye freti ya mwisho. Tazama katikati. Nafasi kati ya uzi na chuma ikiwa nyembamba kama karatasi, shingo iko sawa. Ikiwa njiti ya kiberiti inaweza kupita, shingo imepinda. Ndani ya shingo kuna fimbo ya chuma ya kuinyoosha, na fundi anaweza kuikaza robo mzunguko kwa wakati mmoja, lakini muuzaji lazima apunguze bei. Shingo iliyojinyonga kama ukanda, iacheni hapo hapo.

Baada ya hapo piga kila uzi kwenye kila freti, moja baada ya nyingine, bila haraka, hata kama muuzaji anaguna. Unatafuta sauti inayozizima au inayokufa. Ukifika freti ya 12, sauti yake iwe ile ile ya uzi ulio wazi, ila juu zaidi, kama mwanamume na mtoto wanaoimba wimbo mmoja. Ikipotoka kidogo inarekebishwa kwa skrubu kwenye daraja, pale nyuzi zinapofungwa chini. Na hapo hapo freti ya 12, uzi uwe umeinuka kama milimita 2 hivi. Nyuzi zilizo juu sana ndizo zinazowavunja moyo wanafunzi wengi, wanadhani vidole vyao ni dhaifu kumbe gitaa halijapangwa.

Sasa umeme wake. Kama kuna amplifaya, washa na ugonge pikapu polepole kwa bisibisi. Lazima isikike "tok". Kama hakuna, fundi wa redio ana mita. Chomeka waya kwenye gitaa, fungua kifundo cha sauti mpaka mwisho, mpime ncha na shina la upande wa pili wa waya. Kwa pikapu za kawaida mita itasoma omu kati ya elfu 5 na elfu 15 hivi. Ikisoma sufuri, kuna nyaya zinazogusana. Isiposoma kitu, waya umekatika, na huenda ni ndani ya pikapu yenyewe.

Halafu risiti. Kwa gitaa la mtumba, mwandikiane, na muuzaji aache nakala ya kitambulisho chake. Asiyetaka kuonyesha kitambulisho ana sababu yake. Kukutwa na mali ya wizi kunaweza kukuletea mashtaka hata kama ulitoa pesa halali, na gitaa la kikundi kuchukuliwa na askari ni aibu ya wanachama wote.

Hesabu

Tuchukue kikundi cha watu 15, kila mmoja anatoa shilingi 100 kwa wiki. Kwa wiki 24 watakuwa na shilingi 36,000. Bei hupanda na kushuka, kwa hiyo tarakimu tunazotoa hapa ni za mfano. Ulizeni za kwenu. Kosa la kawaida ni kusema, "Tuna elfu 36, tutafute gitaa la elfu 36." Hapana. Wekeni kama elfu 16 kwa gitaa na elfu 10 kwa amplifaya ndogo. Elfu 4 ni za waya, mkanda wa begani na seti mbili za nyuzi. Elfu 2 mpeni fundi wa kulipanga gitaa likishanunuliwa, na elfu 4 zinazobaki zisiguswe, ni za matengenezo. Kama hazitoshi, ongezeni wiki, msipunguze hiyo akiba.

Mtaona nimetenga pesa ya fundi hata kwa gitaa jipya. Magitaa ya bei nafuu hutoka kiwandani yakiwa hayajapangwa vizuri, na hapo ndipo wenye kiwanda wanaokoa gharama. Saa mbili za fundi mzuri zinaweza kulifanya gitaa la bei ya chini lipigike kama la bei mara mbili.

Amplifaya ya wati 10 au 20 inatosha kujifunzia na kupigia chumba cha mikutano. Wengine watasema, si tuchomeke kwenye woofer ya nyumbani? Itatoa sauti hafifu na kavu, kwa sababu umeme wa gitaa ni mdogo mno kwa mashine ile. Halafu mtu ataifungua mpaka mwisho na kuharibu spika ya wenyewe. Pale pasipo stima, kuna amplifaya ndogo za betri, nyingine za ukubwa wa pakiti ya kiberiti, zinazochomekwa kwenye gitaa na kusikilizwa kwa visikizi vya masikioni. Kwa kijana wa kijijini hiyo ni mwanzo mzuri.

Neno moja kwa wenye jamaa ng'ambo. Gitaa lenyewe halichagui nchi. Lakini amplifaya iliyotoka Marekani hutumia volti 120, na ya Japani volti 100, nasi Kenya tuna 240. Ukiichomeka hivi hivi ukutani itaungua kabla hujapiga wimbo. Someni maandishi ya nyuma ya mashine kwanza.

Hatari yenyewe

Mama mmoja akiuliza, "Mwanangu hatarushwa na hilo gitaa?" tumjibu vizuri, maana ana haki ya kuuliza. Umeme unaozaliwa ndani ya gitaa hauwezi kumdhuru hata mtoto. Hatari iko kwenye amplifaya na kwenye ukuta. Nyuzi za chuma zimeungana, kupitia waya, na bodi ya chuma ya amplifaya. Mashine ikiwa na hitilafu na haina waya wa ardhini, umeme wa ukutani unaweza kufika mpaka vidoleni mwa mpigaji. Akigusa maikrofoni kwa mdomo wakati huo huo, umeme unapata njia ya kupita mwilini mwake. Mwaka 1972 mpigaji gitaa Leslie Harvey wa Uskoti alikufa jukwaani huko Swansea, Wales, kwa kugusa maikrofoni yenye hitilafu ya namna hiyo. Alikuwa mwanamuziki wa kazi, mwenye vyombo vizuri.

Katika nyumba nyingi za kupanga, za mjini hata za vituo vya mashambani, umeme umeunganishwa kienyeji na soketi ina matundu matatu lakini la ardhini halina kitu nyuma yake. Kwa hiyo fundi wa stima aipime soketi kabla ya amplifaya kuchomekwa. Msikate pini ya tatu ya plagi wala kuchomeka nyaya zilizo uchi kwa njiti za kiberiti. Msipige mkiwa miguu mitupu juu ya saruji yenye maji, na kwenye sherehe za nje mvua ikianza, zimeni kwanza, mbebe baadaye. Mpigaji akisikia vidole vinamwasha au midomo inamchomachoma kwenye maikrofoni, asivumilie kwa kuwa harusi inaendelea. Azime ukutani.

Kujifunza bila kuwaudhi majirani

Hapa ndipo gitaa la umeme linalifaa lile kavu la mbao kwa mbali, na watu wachache hulifikiria jambo hili. Kule Kariobangi familia nyingi huishi katika chumba kimoja, na ukuta wa jirani uko karibu kiasi kwamba unasikia akikohoa. Gitaa kavu saa nne usiku ni ugomvi. Gitaa la umeme likipigwa bila kuchomekwa hutoa sauti ndogo, ya kumtosha mwenye kulishika tu. Mtoto analala, baba anasikiliza habari, na kijana anafanya mazoezi. Dakika 20 kila usiku ni bora kuliko saa nne za Jumapili. Wiki tatu za kwanza ncha za vidole zitauma. Hiyo ni kawaida, ngozi itakomaa. Anunue seti ya nyuzi nyembamba, ile iliyoandikwa 9 na 42, ni laini zaidi kwa anayeanza.

Nyuzi ni sita. Kutoka ule mnene kwenda mwembamba ni E, A, D, G, B, E. Ninyi wanakwaya mnaosoma sol-fa, mkiifanya C kuwa do, basi hizo ni mi, la, re, so, ti, mi. Kuzipatanisha, au "kutyuni" kama vijana wanavyosema, hufanywa hivi: bonyeza uzi mnene kwenye freti ya 5, sauti hiyo ndiyo ya uzi unaofuata ukiwa wazi. Endelea hivyo hivyo kila uzi, isipokuwa kutoka G kwenda B, hapo unabonyeza freti ya 4. Siku hizi simu pia inaweza kufanya kazi hiyo kwa programu ya bure. Lakini sikio lizoezwe, maana simu huzima chaji.

Anza na kodi tatu: G, C na D, yaani do, fa na so za ufunguo wa G. Kwa hizo tatu utaongoza pambio nyingi za kanisani na nyimbo nyingi za benga. Ukishazibadilisha bila kutazama vidole, hapo sikiliza wakubwa. Jean-Bosco Mwenda wa Katanga, ambaye Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952, alipiga kwa kidole gumba na cha shahada tu, na bado unasikia kama watu wawili wanapiga. Fundi Konde, aliyefariki mwaka 2000, alikuwa miongoni mwa Wakenya wa kwanza kupiga gitaa la umeme. Halafu kuna Daniel Owino Misiani wa Shirati Jazz, aliyezaliwa Shirati, Tanzania, mwaka 1940 na kufariki mwaka 2006. Katika benga gitaa la solo halichapi kodi. Linachuma sauti moja moja, likimjibu mwimbaji, kama nyatiti ya Waluo yenye nyuzi 8 ilivyofanya tangu zamani. Mkiwa na gitaa moja tu kikundini, mfundisheni mpigaji kumjibu mwimbaji badala ya kumfunika. Kwa maoni yangu hilo ni gumu kuliko kodi zote.

Kutunza hakuna siri. Futa jasho kwenye nyuzi kila ukimaliza, kwa sababu chumvi yake huzila. Usilitundike kwenye ukuta wa mabati: mchana huwaka moto, usiku hupoa, na shingo inapinda. Lizungushie blanketi, uliweke mbali na jiko. Wengine huchemsha nyuzi kuukuu ili mlio urudi. Hurudi kweli, siku chache, kisha ni kununua tu.

Ni la nani?

Swali hili liamuliwe kabla ya kununua, na liandikwe katika kumbukumbu za mkutano. Kikundi kilichosajiliwa chini ya Sheria ya Usajili wa Makundi ya Jamii ya mwaka 2022 kina katiba yake, na gitaa liingizwe katika orodha ya mali kama viti na sufuria.

Lakini gitaa si sufuria. Sufuria ikipikwa na watu kumi haijali. Gitaa linalozunguka nyumba kumi hurudi na funguo zimevunjika, na kila mmoja anasema lilikuwa hivyo alipolipokea. Naona njia iliyo bora ni kikundi kulinunua, kisha kumkabidhi mpigaji mmoja aliyeonyesha bidii, naye alilipe polepole, tuseme shilingi 500 kwa wiki, huku akipiga bure kwenye shughuli za kikundi na kufundisha wengine wawili. Likiisha kulipwa ni lake, na pesa iliyorudi inanunua la pili. Wako watakaopinga wakisema hapo tumemtajirisha mtu mmoja. Hoja hiyo ina uzito, hasa kama aliyechaguliwa ni mtoto wa mwenyekiti. Kwa hiyo achaguliwe kwa kusikilizwa akipiga, mbele ya wote.

Mkiamua libaki la kikundi, basi kila malipo ya harusi yagawanywe mara moja. Mathubutu yake, katika shilingi 3,000, elfu moja iende kwa chombo na elfu mbili kwa waliopiga. Fungu la chombo asiliguse mtu, hata kwa mkopo wa dharura.

Maswali ya kuzungumzia kikundini

1. Katika kikundi chetu ni nani sasa hivi anayejua kupiga, hata wimbo mmoja? Kama hakuna, nani atafundisha, na tutamlipa nini?

2. Soketi ya chumba tunachokutania ilipimwa lini?

3. Tuandike ubaoni gharama zote za mwaka wa kwanza kwa bei za soko letu. Je, viti 30 vya kukodisha vingegharimu kiasi gani, na vingerudisha pesa kwa muda gani?

4. Mpigaji tuliyemkabidhi gitaa akipata kazi Mombasa na bado anadaiwa shilingi 7,000, tufanyeje?